Sayari Isiyo na Foleni

Jumapili ya tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha, lililoiweka Tanzania kwenye njia ya ujamaa, lilitangazwa rasmi. Kesho yake mabenki yakataifishwa, na Dar es Salaam ikaingia katika siku za maandamano ya kuunga mkono. Alhamisi ya wiki hiyohiyo, ng'ambo ya pili ya dunia, kituo cha NBC cha Marekani kikarusha sehemu mpya ya tamthilia ya Star Trek iitwayo "The Return of the Archons". Nahodha Kirk na wenzake wanashuka katika mji mtulivu. Watu wanatembea polepole, wanatabasamu, wanasalimiana kwa upole wa waumini waliotoka ibadani sasa hivi. Hakuna njaa wala vita. Ikigonga saa kumi na mbili jioni, watu walewale wanaanza kurushiana mawe, kuvunja madirisha na kuvamiana barabarani hadi alfajiri, kisha wanarudia tabasamu zao kana kwamba hakuna kilichotokea. Mtawala wao anaitwa Landru, naye ni kompyuta iliyoachwa na mwanafalsafa aliyefariki miaka 6,000 nyuma. Walinzi wake wamevaa majoho yenye kofia za kuficha uso, na neno lolote la ukaidi linawafikia. Kirk anabishana na mashine mpaka inajiunguza yenyewe. Anaondoka na chombo chake, akimwacha mwanasosholojia mmoja awasaidie wenyeji kuanza upya.

Wiki mbili baadaye, tarehe 23 Februari, ikaja sayari nyingine: mji msafi, watu wastaarabu, kuta zisizo na ufa, ingawa nchi iko vitani kwa miaka 500. Vita vyenyewe vinapiganwa na kompyuta. Mashine ikishapiga hesabu ya waliokufa leo, waliotajwa wanaingia wenyewe kwenye chumba cha kuwamaliza, bila kusukumwa na mtu. Tarehe 2 Machi wakaonyeshwa walowezi wanaopuliziwa unga na maua fulani, wakapona magonjwa yao yote na kupoteza hamu ya kufanya chochote zaidi ya kuridhika. Tarehe 11 Machi BBC nayo, katika Doctor Who, ikaanza hadithi ya koloni lenye vipaza sauti, nyimbo za kuchangamsha kazi na wafanyakazi wenye furaha, ambalo chini yake majitu mfano wa kaa wakubwa ndiyo yanayotoa amri na kuvuta gesi inayochimbwa.

Wiki tano, sayari nne. Waandishi wa hadithi hizo hawakuwa na habari na Rais wa Tanzania, Mwalimu Nyerere. Wamarekani walikuwa wanahofia Moscow, kompyuta na vijana wao waliokuwa wanavuta bangi na kumeza vidonge. Waingereza walikuwa wanazicheka kambi zao za likizo, zenye ratiba ya furaha kuanzia asubuhi hadi usiku. Lakini kalibu ilikuwa imeshapatikana, na imetumika mpaka leo: wageni wanatua, wanakirimiwa, mmoja wao anagundua mlango usiofunguliwa, mlango unafunguliwa, jamii nzima inabomolewa ndani ya dakika 50, wageni wanapanda chombo. Tangu mwanzo hadi mwisho msimulizi ni mgeni. Mwenyeji anayebaki na vifusi hapewi kipindi chake.

Star Trek yenyewe ilikuwa na Kiswahili ndani yake. Afisa wa mawasiliano wa chombo, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, alipewa jina la Uhura, na katika sehemu ya kwanza kabisa kurushwa, tarehe 8 Septemba 1966, kiumbe cha ajabu kinajigeuza mwanamume mweusi na kumsemesha kwa Kiswahili. Kiswahili chenyewe cha kuokoteza, lakini ni Kiswahili. Wakati huo mkazi wa Temeke, Dar es Salaam, hakuwa na runinga ya kuwasha. Kenya walikuwa na televisheni tangu 1962, Uganda tangu 1963. Zanzibar wakaanzisha yao, ya rangi, mwaka 1974. Tanzania Bara ilikataa. Mwalimu aliiona kuwa anasa ya wachache wa mjini katika nchi ambayo vijiji vyake havina maji. Hivyo hoja ya jamii kamilifu ilijadiliwa huku kwa njia nyingine: redioni, kwenye mikutano ya matawi ya chama tawala, TANU, na kwa miguu.

Dar es Salaam ilikuwa na sayari yake kamilifu hata kabla ya hapo. Wajerumani waliugawa mji kwa kanda za ujenzi, Waingereza wakaendeleza, na wananchi wakazipa majina yasiyohitaji ramani: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kufikia miaka ya 1940 Uzunguni ulikuwa umesogea hadi Oysterbay: bustani, upepo wa bahari, nyumba zilizopeana nafasi ya kutosha. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ikapima viwanja vya Waafrika Magomeni, Kinondoni na Temeke, na kila alfajiri wanaume wa huko walikwenda kwa miguu au kwa baiskeli kupika, kufua na kukata nyasi kwa wenye bustani. Mwaka 1966 Doctor Who ilikuwa na hadithi, "The Savages", ya mji wa wasomi wenye afya njema na sanaa bora, ambao nguvu zao za uhai zinanyonywa kutoka miilini mwa "washenzi" wanaoishi nje ya ukuta. Kwa mtazamaji wa London ilikuwa fumbo. Mpishi wa Kinondoni angeuliza tu zamu inaanza saa ngapi.

Mwaka huohuo wa 1966 ilifunguliwa sinema ya magari huko Msasani, ile Drive-In, ambako familia zilikaa ndani ya gari au juu ya boneti, chakula kimefungwa kutoka nyumbani, zikitazama filamu za Kihindi na za Kizungu chini ya nyota. Hiyo ndiyo ilikuwa anga ya juu iliyofikika. Baada ya ubalozi wa Marekani kulipuliwa Agosti 1998, ubalozi mpya ulijengwa pale pale ilipokuwa Drive-In.

Na vitabuni? Shaaban Robert alishatangulia. *Kusadikika*, iliyochapishwa 1951, ni nchi inayoelea angani, na Star Trek ilikuwa bado miaka 15 mbele. Karama ameshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kuwafundisha watu habari za sheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote za ulimwengu, mbinguni na ardhini pia, wakaona huko mambo mema, wakarudi kuyaeleza, na wote wakaishia gerezani. Ukiiweka karibu na Landru utaona safari imegeuzwa. Kirk anakwenda ugenini kutafuta ubovu, anaupata, anarudi shujaa. Mjumbe wa Kusadikika anakwenda ugenini kutafuta wema, anaupata, anarudi mfungwa. Shaaban Robert aliandika chini ya utawala wa Mwingereza na hakuhitaji kusafiri ili ajue ubovu uko wapi.

Turudi Temeke. Wengi walioijaza walitoka kusini na magharibi ya mji: Kisarawe, Mkuranga, Rufiji. Wandengereko wa Rufiji walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonja mpango wa kuhamishiwa vijijini. Baada ya mafuriko, mwaka 1968 na 1969, Operesheni Rufiji iliwatoa bondeni, kwenye udongo wa mpunga, ikawapeleka nyanda za juu kwenye vijiji vipya. Kule Kigamboni, ambako wakati huo kulikuwa sehemu ya Temeke, Gezaulole ikawa miongoni mwa vijiji vya mwanzo vya ujamaa, na watu kutoka mjini na bara walipelekwa kuanza maisha mapya kando ya bahari. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu akatangaza kuwa kuishi vijijini sasa ni amri. Mamilioni ya watu walihamishwa kabla mwaka 1976 haujakwisha, wengine kwa hiari na wengine kwa kupakiwa kwenye malori huku paa la nyumba ya zamani likiungua nyuma yao.

Wanahistoria wameyaandika haya kwa makavazi na takwimu. Mimi linanivutia jambo dogo, yaani namna mpango huo ulivyokuwa na uso wa jirani. Tangu katikati ya miaka ya 1960 kila nyumba kumi zilikuwa na balozi wake. Alijua nani kalala kwako, nani hana kazi, nani hakuja mkutanoni. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari, sabuni, unga na khanga zilipoadimika, alijua pia mgao wa kila kaya, na barua yake ilikuwa na uzito kuliko noti. Walinzi wa Landru walificha nyuso kwa kofia. Balozi wa Tandika alikuwa mzee wa kanzu aliyekuja kwenye msiba wako na kuchangia, na kesho yake akakupa au akakunyima barua ya sukari. Mwandishi wa Hollywood hawezi kumbuni mtu huyo. Lazima uwe umewahi kumsalimia shikamoo na kumchukia katika pumzi moja.

Foleni ilikuwa na taratibu zake. Watu waliamka saa tisa usiku wakaweka matofali, ndala au vikapu mstarini, kila kitu kikisimama badala ya mwenyewe, kisha wakarudi kulala. Unga wa njano wa msaada kutoka Marekani watu wa mjini waliuita yanga, kwa rangi ya klabu ya Jangwani, na mashabiki wa Simba waliula hivyo hivyo. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ikapitishwa sheria ya Nguvu Kazi: kila mwenye uwezo afanye kazi inayotambulika. Magari yalizunguka Manzese, Kinondoni na Temeke, yakawazoa wasio na vitambulisho vya kazi na kuwapeleka mashambani. Wachuuzi wa karanga walikamatwa pamoja na wazururaji, kwa kuwa karanga hazikuwa kazi. Wengi walirudi mjini ndani ya wiki chache.

Haya niyaseme bila kumkejeli mtu. Ujamaa ule ule ulijenga shule na zahanati, ukafundisha watu wazima kusoma, ukaifanya nchi yenye makabila zaidi ya 120 izungumze lugha moja bila kuchinjana. Watu wa maandamano ya Februari 1967 hawakupuliziwa unga wa maua usoni. Waliamini, na walikuwa na sababu.

Kisha mashine ikazimwa, taratibu, bila nahodha yeyote kubishana nayo hadi iungue. Mwaka 1984 serikali iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni alete bidhaa bila kuulizwa kazipata wapi. Novemba 1985 Mwalimu akang'atuka, Ali Hassan Mwinyi akashika, na watu wakamwita Mzee Ruksa. 1986 makubaliano na IMF; 1991 Azimio la Zanzibar, lililowaruhusu viongozi kumiliki nyumba na kupangisha. Mitumba ikamwagika Manzese. Na katika mizigo kutoka Dubai zikaja deki za video.

Hapo ndipo sayari za mbali zilipofika uswahilini. Kibanda umiza, yaani ukumbi wa video wa mtaani, kilihitaji vitu vichache: mabati au magunia ya kuziba mwanga, runinga moja, deki, mabenchi ya mbao za mabanzi, na jenereta kwa siku za mgao wa umeme. Ubao wa nje uliandikwa kwa chaki majina ya filamu, aghalabu kwa tahajia ya mwandishi mwenyewe: Komando, Rambo, Bruslii, na yule roboti wa *The Terminator* anayetoka mwaka 2029. Kiingilio kilikuwa cha mfuko wa mtoto aliyetumwa dukani akabakiza chenji. Ndani palikuwa na joto la kuumiza kweli, na harufu ya miguu, karanga na petroli.

Kiingereza cha filamu hizo hakuna aliyekifuata, kwa hiyo akatokea mtafsiri. Dar es Salaam ilimjua Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliyesimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili na kurekodi mikanda iliyosambaa nchi nzima. Kampala nako walizuka wa aina hiyo wakaitwa VJ. Mtafiti wa Kijerumani Matthias Krings, aliyewachunguza wasimulizi wa Tanzania, aliita makala yake kugeuza wali kuwa pilau, na nadhani alipatia. Mtafsiri hakusema tu mhusika kasema nini. Aliwapa wahusika majina ya mtaani, akaeleza kwa nini Mzungu huyu hamwamkii mkwewe, akawataja wauza chips wa jirani, akamkemea adui kabla hajafanya ubaya. Sauti yake ilikuwa sauti ya mwenyeji. Kwa mara ya kwanza mgeni wa angani alisimuliwa na mtu aliyekaa upande wetu wa skrini.

Na upande wetu ulikuwa na kumbukumbu ya wageni. Tangu ukoloni, miji ya Afrika Mashariki ilivuma habari za mumiani: watu wenye gari jekundu, wengine wakiwaita wazimamoto, wanaokukamata usiku na kukunyonya damu ikatengenezwe dawa. Mwanahistoria Luise White alizichukulia kwa uzito katika kitabu chake cha mwaka 2000, si kwa kuwa damu ilinyonywa, bali kwa kuwa watu walikuwa wanaeleza kitu wanachokiona kila siku kwa lugha waliyokuwa nayo. Sasa iangalie *V*, tamthilia ya NBC ya Mei 1983: wageni wanafika na vyombo vikubwa juu ya miji, wanaonekana kama sisi, wanaahidi kutupa elimu yao kwa kubadilishana na kemikali kidogo tu, kumbe chini ya ngozi ni mijusi waliokuja kubeba maji na watu wa kula. Au Stargate SG-1, sehemu iitwayo "2010", iliyorushwa Januari 2001: marafiki kutoka sayari ya Waaschen wametuletea amani na dawa ya kurefusha maisha, na miaka kumi baadaye daktari mmoja anagundua kuwa wanawake karibu wote hawazai tena. Hollywood iliajiri waandishi na mafundi kibao ikafika mahali ambapo bibi wa Mbagala alishafika akiwa jikoni. Tofauti ni kwamba bibi hakuhitaji mgeni atabasamu kwanza ndipo ashtuke.

Hofu hiyo ina madhara yake, nami siipambi. Wakati wa chanjo ya korona mwaka 2021 mitaa yetu ilijaa hadithi ya Waaschen neno kwa neno, na wengi waliokuwa wakiisimulia hawakuwahi kuiona Stargate.

Nini huwapata wenyeji baada ya Kirk kuondoka? Star Trek ilisubiri hadi Oktoba 2020, katika katuni ya *Lower Decks*, ndipo ikarudi kwenye sayari ya Landru. Watu walikutwa wameirudia mashine, wanaitii kama zamani. Tukio lenyewe ni la dakika chache, la kuchekesha, na maafisa wanagomba kidogo kisha wanaondoka tena. Nililiona nikakumbuka jinsi wazee waliolala foleni ya sukari wanavyoisikiliza sauti ya Mwalimu redioni kila Oktoba, mwezi aliofariki, na kutikisa kichwa kwa uchungu. Hawataki foleni irudi. Wanachokikumbuka ni waziri aliyeogopa kujenga nyumba ya pili. Yule mwanasosholojia aliyeachwa nyuma mwaka 1967 sisi tulimfahamu vizuri: ni mtaalamu wa kigeni tuliyemwita TX, alikuja na mkataba wa miaka miwili na Land Rover.

Aliyeandika kipindi cha mwenyeji kwa Kiswahili ni Katama Mkangi wa Kenya, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyewekwa kizuizini na serikali ya Moi mwaka 1986. Katika *Walenisi*, riwaya ya 1995, Dzombo amehukumiwa kwao, anatiwa ndani ya chombo na kurushwa angani ili afe, anatua kwenye sayari ya watu walio sawa. Ubovu uliofichwa chini ya sakafu haupo. Anayetakiwa kubomolewa ni Dzombo mwenyewe, na mazoea aliyokuja nayo. Mhariri wa televisheni angeikataa siku hiyohiyo, hakuna kaa.

Televisheni za Bara zilikuja 1994, ITV, DTV na CTN, na ya taifa mwaka 2000. Vibanda umiza vikageukia mpira. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na asiye na king'amuzi akabaki na runinga ya kupambia sebule. Ndipo flashi ikashika. Ukiingia leo kwenye kibanda cha muvi Mbagala Rangi Tatu au Tandale, kijana wa kompyuta hakuulizi unapenda sanaa gani, anauliza, "Iliyotafsiriwa au ya Kizungu?" Sizoni nzima ya sayari za mbali inaingia kwenye kitu cha ukubwa wa kidole, ikiwa na sauti ya DJ Mack au DJ Murphy, kwa bei ya sahani ya chips.

Na Temeke ikapata sayari yake nyingine. Mwaka 2008 serikali ilitangaza Mji Mpya wa Kigamboni. Picha zilichorwa kwa kompyuta: maghorofa ya vioo, barabara pana, miti iliyopangwa, na watembea kwa miguu wachache wasio na mzigo kichwani. Wakazi walizuiwa kujenga na kuuza viwanja vyao wakisubiri fidia. Walisubiri miaka. Watoto waliooa walikosa mahali pa kuongeza chumba. Nyumba zilizopasuka hazikukarabatiwa kwa kuogopa kupigwa X nyekundu. Kwenye mikutano ya hadhara waliuliza maswali ambayo hakuna nahodha wa angani aliyewahi kuulizwa: kiwanja changu kinathaminiwa kwa bei ya lini, makaburi yetu yanahamishiwa wapi, na katika picha hii, mimi ni yupi? Daraja la Kigamboni lilifunguliwa Aprili 2016, likapewa jina la Nyerere, lenye urefu wa mita 680 na tozo ya kuvukia. Mpango wa mji wa vioo serikali yenyewe iliuacha. Madalali wakarudi kazini, na Gezaulole sasa viwanja vinauzwa kwa mita za mraba.